Vidole Mgongoni

Shangazi ndiye aliyeziona alama kwanza. Alikuwa uani anamwogesha mtoto katika beseni la plastiki, akimwimbia upuuzi wake wa kila siku, kwamba yeye ndiye mchumba wake na kwamba harusi itafungwa bwana harusi akishaota meno. Alipomgeuza na kumlaza kifudifudi juu ya mkono ili amsugue mgongo, wimbo ukakatika. Chini ya bega palikuwa na mistari minne myekundu iliyolala sambamba, na pembeni yake mmoja mfupi, umeinama. Kila mtu angeutambua. Ulikuwa mkono.

Hakupiga kelele. Alimsuuza mtoto, akamfunga taulo, akaketi kwenye kigoda kumsubiri mama yake atoke kazini.

Mama mtu alifika jua limeanza kupoa, harufu ya moshi wa korosho ikiwa imemtangulia mlangoni. Alikuwa amerudi kwenye banda la kubangulia wiki hiyo, baada ya kukaa nyumbani tangu kujifungua. Huko bandani walimwita Kimya, maana wenzake walibangua korosho huku wakiwabangua na watu, yeye akabangua korosho tu.

"Njoo uone," Shangazi akamwambia.

Kimya alichuchumaa. Akanyoosha mkono amguse mtoto, kisha akausimamisha hewani.

"Ulimshika vipi leo?"

"Nilimnyonyesha alfajiri, Shangazi. Nikakupa."

"Na jana?"

"Nilimbeba kidogo jioni. Si ulikuwepo?"

"Hebu lete mikono."

Kimya akaitoa, viganja juu, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, zimekakamaa, na kwenye kidole gumba ngozi ilikuwa imebanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Ndivyo ilivyo mikono ya wabanguaji wote. Ganda la korosho lina mafuta makali ndani yake. Yakiigusa ngozi hayaumi hapohapo, huwa kama yamesahau, kisha kesho yake ngozi inavimba na kubabuka kama iliyopitiwa na moto. Mtu mzima huzoea. Ngozi ya mtoto wa miezi mitatu haijazoea kitu chochote.

"Naosha kwa majivu kabla ya kutoka, halafu sabuni hapa nyumbani," Kimya akasema. "Unaniona kila siku."

"Nakuona, mwanangu. Na haya nayaona vilevile."

Shangazi hakuwa mkali. Alikuwa dada wa baba mkwe wa Kimya, mjane, na alikuja kukaa nao ili Kimya arudi kazini. Alinyanyuka, akamweka mtoto mgongoni, akachukua kitenge cha buluu iliyokolea kilichokuwa kwenye kamba na kumfunga nacho. Alikuwa na namna yake ya kukikunja, ile ile kila siku, ili sehemu ya katikati iliyolainika kwa kuvaliwa ndiyo imkae mtoto mgongoni. Mtoto hakuvalishwa shati. Kulikuwa na joto, naye alitoka jasho hata akiwa amelala.

*

Mume wa Kimya alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, meza moja, mwavuli mmoja, na safu ya viatu vya mguu mmoja mmoja vinavyowasubiri wenyewe. Watu walimwita Fundi, na mkewe pia alimwita hivyo tangu siku alipompelekea kandambili iliyokatika na akarudishiwa zote mbili zimeshonwa.

Jioni hiyo aliingia, akafanya kama afanyavyo siku zote. Alikishika kwanza kitenge kilichomfunga mtoto, kidogo tu, kwa vidole viwili, ndipo akamshika mtoto shavuni. Kilikuwa kitenge cha mama yake. Mama huyo alikuwa mbanguaji maisha yake yote, na kwa wepesi wake bandani walimwita Mashine. Alikuwa amefariki mvua za mwaka huo zilipoanza, mkwewe akiwa na tumbo kubwa, na siku zile za mwisho kifua kilipombana asiweze kusema sana, aliligusa tumbo hilo, akakigusa kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni. Wote waliokuwa chumbani walielewa. Kilifuliwa, kikakunjwa, kikawekwa sandukuni mpaka mtoto alipopata shingo ya kubebwa mgongoni.

Shangazi alimweleza, akamwonyesha. Fundi aliinama akatazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama soli kabla ya kutaja bei.

"Huu ni mkono wa mtu mzima," akasema.

"Mkono wangu ni mdogo kuliko huo," Kimya akajibu. "Pima."

"Nani amesema nakulaumu? Nimesema ni mkono."

"Basi wa nani?"

Fundi alivua viatu, akaenda kunawa. Baadaye, walipokuwa wanakula, alimwambia mkewe kwa sauti ya chini ambayo Shangazi aliisikia vizuri tu, "Ukiosha, rudia mara ya pili. Haina gharama."

*

Banda la kubangulia lilikuwa na paa la mabati na kuta zilizokuwa nyeupe zamani. Upande mmoja wanaume walikaanga korosho kwenye makarai makubwa, na moshi ulipogeukia ndani kila mtu aliinamisha uso bila kuambiwa. Upande wa pili wanawake waliketi chini, kila mmoja na jiwe lake na kinyundo chake cha mti. Korosho husimamishwa kwa ukingo, hupigwa mara moja, ganda hupasuka, na kiini hutolewa kizima kikipatikana kizima. Kiini kikivunjika hupelekwa kwenye ndoo ya vipande, na vipande havikumfurahisha msimamizi.

Jiwe la Mashine lilikuwa bado mahali pake, karibu na nguzo. Lilikuwa limechimbika shimo katikati kwa kupigwa. Hakuna aliyelikalia. Mbanguaji mgeni alijaribu kukaa pale mara moja, akaambiwa asogee, na hakuna aliyemweleza sababu.

Kesho yake Kimya alikuja amevaa glavu za mpira. Redio, aliyekaa jirani naye na ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliweka kinyundo chini.

"Jamani, bibi harusi kaingia! Pete tumvishe kidole gani?"

Banda likacheka. Kimya naye akacheka kidogo.

"Ni kwa ajili ya mtoto," akasema.

"Mtoto naye kabangua?"

Kimya alimweleza, kwa maneno machache, na Redio aliacha kucheka. Alipoegemea ukuta, mgongo wake uligusa mahali palipokuwa peusi kabisa kwa mafuta yaliyorushwa na vinyundo miaka na miaka.

"Egemea kwingine," Kimya akamwambia. "Unajipaka."

"Hili? Doa hili limeshakufa, shoga. Kavu hili. Linalouma ni bichi." Alikisugua kisogo chake ukutani kwa fujo ili aonekane. "Mashine mwenyewe ndiye alinifundisha. Alikuwa anajifuta mikono kiunoni hivi, pu, pu, kitenge kinakuwa kama turubai, nikamwambia mama, utaungua mapaja. Akaniambia, mwanangu, likishakauka limekufa."

Ndivyo walivyoamini wote bandani, na hawakuwa wajinga. Kwenye ngozi zao, zilizokuwa ngumu na zimefunikwa nguo mbili au tatu, ilikuwa kweli.

Glavu zilimchelewesha Kimya. Viini viliteleza, kinyundo kikakosea. Wakati wa kupima, msimamizi aliutazama mshale wa mizani, kisha akamtazama yeye.

"Wewe si mkwe wa Mashine?"

"Ndiye mimi."

"Angeona hii angelia." Akaandika, akampungia anayefuata.

*

Zahanati ilikuwa imejaa siku waliyompeleka mtoto. Alama za kwanza zilikuwa zimetumbuka malengelenge, na juu yake zilikuwa zimekuja nyingine, vidole juu ya vidole. Mtoto hakulia tena kwa nguvu. Alikuwa anaguna, sauti ya mzee anayejigeuza kitandani.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene aliyevaa miwani yenye mkono mmoja. Alimgeuza mtoto taratibu.

"Huyu ameunguzwa na kitu. Dawa, kemikali. Unafanya kazi gani, mama?"

"Nabangua korosho."

Muuguzi aliitazama mikono yake. Hakusema neno, na Kimya angependa mara mia aseme. Wanawake waliokuwa kwenye benchi nao waliitazama. Mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Navaa glavu," Kimya akasema. "Siku zote hizi navaa glavu. Naosha kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu. Simpakati."

"Hiki kidonda ni cha zamani," muuguzi akasema, akionyesha bila kugusa. "Hiki ni cha jana. Kwa hiyo kitu hicho bado kinamgusa. Dawa ya kupaka nitakupa, lakini mkipaka huku kitu hicho kinaendelea kumgusa, mnafanya kazi bure. Homa ikipanda mrudisheni haraka sana. Mtoto mdogo hivi akiingiwa na uchafu kwenye damu, hamtapata muda wa kunilaumu."

Njiani Fundi alimbeba mtoto mwenyewe. Mkewe alitembea nyuma yao hatua chache, mikono ameikunjia kwapani.

Alipofika nyumbani Kimya alimtumia msimamizi ujumbe kupitia kwa Redio kwamba haji. Kinyundo chake kilibaki bandani.

*

Mtoto lazima anyonye. Shangazi aliliwaza jambo hilo, akapata njia, na aliamini ni njia ya huruma. Kimya aliketi kwenye mkeka, akaegemea ukuta, mikono yake ikaingizwa kila mmoja kwenye mfuko wa plastiki wa dukani na kufungwa kwa uzi kwenye kifundo, kisha akaikalia. Shangazi alimshika mtoto, akamsogeza kwenye titi, akamshikilia mpaka ashibe, akamwondoa.

"Unaumia?" akauliza siku ya kwanza.

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Mfuko unatoa kelele, Shangazi. Kila nikipumua. Anashtuka."

Fundi aliingia wakati huo kuchukua kisu chake cha ngozi. Aliona mkewe amekalia mikono kama mtu aliyekamatwa, akageuka bila kisu. Siku hiyo aliukata mkanda wa kiatu cha mteja kwa meno.

Na alama zikaendelea. Hilo ndilo lililowaingiza baridi. Mama mtu hakwenda bandani, hakumgusa mwanawe, ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeanza kurudi rangi yake. Lakini kila baada ya siku moja au mbili, Shangazi akimfungua mtoto kutoka mgongoni, vidole vilikuwa pale, vyekundu, vipya, daima upande ule ule. Nyumba ilibadilika. Waliacha kuongea kwa sauti. Fundi akihisi mtu nyuma yake alikuta ni pazia. Shangazi, ambaye maisha yake yote hakuwa mtu wa kuogopa hata nyoka, alianza kugonga mlango wa chumba kitupu kabla ya kuingia.

Redio alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaona mgongo, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kidole gumba kimepinda," akasema pole pole. "Gumba la Mashine lilikuwa hivyo hivyo. Kinyundo kililivunja kabla sijazaliwa."

Kila mmoja alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo na amelimeza.

"Wifi yangu," Shangazi akasema hatimaye, akiutazama mlango. "Alitaka sana kumshika. Miezi michache tu angemshika." Alichukua kitenge cha buluu, akakinusa, akamfunga mtoto nacho kwa kukaza kuliko siku zote. "Basi mshike, wifi. Mshike kidogo halafu utuachie. Usimuumize."

Mtoto akalia.

Redio aliondoka mapema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na habari ambayo hakutaka kuisimulia. Aliisimulia hata hivyo. Kesho yake wateja wawili walikuja kuchukua viatu vyao kwa Fundi vikiwa bado havijashonwa, wakasema wana haraka.

*

Uamuzi ulifanyika kwa upole, na kwa sababu hiyo haukuweza kupingwa. Shangazi angeondoka na mtoto Jumamosi, kwa basi la asubuhi, kwenda kwake, mbali na nyumba hii. Angempa maziwa ya kopo.

"Kwa muda tu," akasema.

"Muda gani?" Kimya akauliza.

"Mpaka patulie."

"Maziwa yangu yatakauka."

"Bora yakauke maziwa, mwanangu."

Kimya alimgeukia mumewe. "Fundi. Sema kitu."

Fundi alikuwa ameshika kiatu cha mtoto wa shule, anakizungusha. "Nimeshindwa kumlinda humu ndani," akasema. "Sasa niseme nini? Nimwambie mama yangu aondoke? Nimwambie vipi?"

"Ukisema ni mama yako, unasema anamuua mjukuu wake."

"Sijui nasema nini."

"Alinifundisha kazi, yule. Aliketi nami, akanishika vidole, hivi, hivi. Nilipovunja kiini alikila mwenyewe msimamizi asikione. Mtu huyo ndiye aje kumbabua mtoto?"

"Nani basi?" Fundi akapaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu waoane. "Wewe hukumgusa, mimi sikumgusa, Shangazi mikono yake safi. Nani?"

Ijumaa alasiri Shangazi alikwenda stendi kukata tiketi. Kimya alikwenda kisimani kufua nepi, na alizifua polepole, moja moja, kwa sababu alijua zingepakiwa. Mtoto alilala mkekani, tumbo chini. Fundi alifunga kibanda mapema akaja kumlinda.

*

Jumamosi alfajiri, Fundi aliamka na shavu la kushoto limevimba mpaka jicho limebaki ufa. Alikwenda kwenye kioo kilichoning'inia karibu na dirisha, akakaa pale bila kusogea. Mkewe alimwona mgongo tu.

"Nini?"

Aligeuka. Kuanzia sikioni hadi kwenye taya kulikuwa na mistari myekundu iliyolala sambamba. Vidole.

Shangazi, aliyekuwa anafunga begi, alikaa juu ya begi lenyewe.

"Amenipiga kofi," Fundi akasema. Hakuwa analia, sauti ndiyo ilikuwa inalia. "Mama kanipiga. Ana haki. Ile meza yangu, ule mwavuli, sindano zote, ni mikono yake ile. Nilimwona anakohoa, nikamwambia mama pumzika, akasema msimu huu tu. Nikakubali. Kila msimu nikakubali."

"Tutoke," Shangazi akasema. "Wote. Basi halijaondoka, tutoke wote."

Kimya hakutoka. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia shavu la mumewe. Malengelenge yalikuwa madogo, meupe, yamepangana ukingoni mwa kila mstari kama ushanga. Alikuwa ameyaona kwenye viganja vyake mwenyewe wiki yake ya kwanza ya kazi, na kwenye shingo ya kila mbanguaji mgeni aliyejisahau akajikuna.

"Hili ni ganda," akasema.

"Nini?"

"Mafuta ya ganda, Fundi. Haya ya jana. Jana uliegemeza wapi uso?"

"Sikuegemeza popote."

"Ulilala wapi mchana?"

"Sikulala."

"Ulikuwa humu peke yako na mtoto. Ulifanya nini?"

Fundi alimtazama Shangazi, akatazama sakafu. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mwenye kibanda chake na mwenye mtoto, na jibu lenyewe lilimtia aibu. Mkewe alilisubiri. Nje honi ya basi ililia mara moja, mbali.

"Nilikichukua kile kitenge," akasema. "Nilikikunja, nikakilalia. Chini pale, karibu na mtoto. Nilikuwa..." Alijifuta pua kwa mkono. "Kina harufu yake bado. Ukikilowesha ndiyo inatoka zaidi. Nililia juu yake, basi. Nililia nikapitiwa na usingizi. Kimewaudhi nini?"

Hakuna aliyecheka. Kimya alikuwa tayari ameinuka, anatafuta kitu chini ya kitanda. Alizitoa glavu zake za mpira, akazivaa, akakiondoa kitenge kwenye kamba na kutoka nacho uani, ambako jua lilikuwa linaanza kupanda.

Alikitandaza juu ya ukuta mfupi, mbele ya mwanga. Kikiwa kimekunjwa, au kimefungwa mgongoni, buluu ile iliyokolea ilificha kila kitu. Sasa jua lilipita nyuma yake. Katikati, pale palipokaa kiuno, pande zote mbili, palikuwa na mikono. Haikuwa michoro ya kiwandani. Ilikuwa mipako ya hudhurungi iliyoingia ndani ya uzi, vidole vinne na gumba, vikishuka kutoka juu kwenda chini, jinsi mtu anavyojifuta mara moja anapomaliza korosho moja na kuchukua nyingine. Alijifuta pale pale maelfu ya mara. Upande wa kulia, gumba lilikuwa limepinda.

Kimya aliweka mkono wake wenye glavu juu ya ule wa kitenge. Ulikuwa mkubwa kuliko wake.

"Tulisema limekufa," akasema. "Sote tulisema. Kumbe linangoja jasho."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Ilimchukua muda, na uso wake ulipoelewa, ulizeeka.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyemfunga. Kila siku. Na pale laini ndipo nilipomweka, nikidhani... Na wewe nikakukalisha kwenye mikono yako."

"Ulikuwa unamtunza, Shangazi."

"Nikakufunga mifuko."

Kimya hakumwambia kwamba si neno. Lilikuwa neno. Alimwita tu amchukue mtoto, ampeleke ndani, amlaze juu ya shuka safi lisilowahi kufika bandani.

Shangazi alirudi na kiberiti. "Kichomwe," akasema. "Sasa hivi."

"Hapana!" Kimya alimshika mkono kabla hajawasha njiti. "Usiwashe. Moshi wake ni huo huo unaoingia vifuani mwetu pale makaraini. Ukichome hapa, mtoto aupumue?"

Ndipo Fundi akaleta jembe la jirani. Walichimba nyuma ya nyumba, mbali na kisima, shimo linalofika magoti. Fundi ndiye aliyekishusha, kwa fimbo, maana mkewe hakumruhusu kukigusa. Kabla hajafukia alisimama kando ya shimo. Alikuwa amemzika mama yake mara moja, na kwa sehemu kubwa siku ile aliangalia viatu vya watu. Sasa hapakuwa na viatu vya waombolezaji vya kuangalia.

"Ngoja," Kimya akasema.

Aliingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kazini, cha kijani, alichokinunua mwaka alioajiriwa. Alikiinua juani kama alivyokiinua kile cha kwanza. Kiunoni, upande wa kulia, mikono ilikuwa imeshaanza kuonekana, myepesi, kama kivuli. Alikitazama kidogo, akakitupa shimoni juu ya kile cha mkwewe.

"Utavaa nini bandani?" Shangazi akauliza.

"Gunia. Nitalivaa kule na kuliacha kule."

"Watakucheka."

"Wanajua kucheka, wale. Na Redio nitampa habari hii mwenyewe, kabla hajaitunga yake."

Basi lilikuwa limeondoka. Tiketi ilibaki mezani kwa siku nyingi, hakuna aliyeitupa.

*

Shavu la Fundi lilipona likaacha doa ambalo ndevu ziliziba. Homa ya mtoto haikupanda. Vidonda vilikauka kimoja kimoja, na muuguzi alipoambiwa sababu alivua miwani yake yenye mkono mmoja, akaifuta, akauliza bandani kuna wanawake wangapi wenye watoto wachanga, kisha akauliza wanavaa nini wanaporudi nyumbani. Kimya alibangua kwa glavu, polepole kuliko wenzake, na msimamizi hakuacha kuutazama mshale wa mizani. Jiwe la karibu na nguzo bado halikaliwi na mtu.

Mtoto alijifunza kukaa, akajifunza kutambaa, akajifunza kukimbia uchi kutoka kwenye beseni kabla hajasuuzwa. Makovu yalibaki mgongoni, meupe kuliko ngozi, na yalikua kadiri yeye alivyokua. Wageni waliyaona. Walikuwa wanamkamata anapopita, wanamgeuza kwenye mwanga.

"Masikini! Nani kamshika huyu?"

Shangazi alikuwa anainamia nguo. Fundi alikuwa anatafuta sindano. Kimya ndiye aliyejibu kila mara, akimfunga mtoto taulo.

"Bibi yake."